Sanduku la mawinguni lafunguliwa kutoka mezani

ZAMANI, na si zamani za kale, hati za nyumba zilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda cha baba. Humo ndimo mlimokuwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, risiti za karo na hati ya shamba iliyokunjwa hata mikunjo ikaanza kutoboka. Aliyetaka karatasi alimwendea mwenye ufunguo, na mambo yakaisha.

Siku hizi sanduku hilo limetawanyika. Sehemu moja imo katika simu ya mama, nyingine katika flashi inayoning'inia kwenye kamba ya funguo, na nyingine iko mahali paitwapo wingu, ambako wengi wetu hutupa picha na karatasi bila kuijua vyema njia ya kurudi kuzichukua. Mwanafunzi wa chuo kikuu ameweka humo tasnifu yake. Mama ameweka picha za arusi na za matanga. Lakini siku karatasi inapotakikana kwa haraka, tuseme afisa wa mikopo ya masomo anangoja, ndipo nyumba nzima inapoanza kuulizana, "Kwani uliiweka wapi?"

Makala haya yanahusu njia moja ya kulifikia sanduku hilo ambayo wenye kompyuta wengi wanayo na hawajui kwamba wanayo. Ni kulifungua wingu kutoka ndani ya programu ile ile unayotumia kila siku kupanga mafaili, bila kupitia kivinjari cha intaneti. Kifaa kinachowezesha jambo hilo ni kijiprogramu kidogo kinachobandikwa juu ya programu kubwa. Mafundi hukiita plagini.

Kwanza, wingu ni nini?

Wingu halina mbingu. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa rafu kwa rafu katika majumba makubwa yenye walinzi, umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto. Unapoweka faili huko, linasafiri kwa nyaya, na kwetu Kenya hilo mara nyingi huwa na maana ya nyaya zilizolazwa chini ya bahari hadi Mombasa, kama vile SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka wa 2009. Ndiyo sababu Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini mwa Afrika, watu wa Nairobi na Dar es Salaam waliona mafaili yao yakichelewa kufunguka ingawa kompyuta zao zilikuwa nzima kabisa.

Na majumba hayo nayo ni majumba tu. Mnamo Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza vitu vyao moja kwa moja. Nalitaja hili mapema kwa sababu wauzaji wa wingu hawapendi kulitaja.

Nafasi ya bure huwa na kipimo. Kwa miaka mingi Google imetoa gigabaiti 15, ila ni jumla ya barua pepe, picha na mafaili kwa pamoja. OneDrive ya Microsoft hutoa 5 na Dropbox 2. Picha moja ya simu ikiwa na megabaiti 4, gigabaiti 15 zitabeba picha elfu tatu na mia saba hivi, na kwa familia yenye mtoto mchanga hizo si nyingi. Zamani Google Photos ilipokea picha bila kuhesabu. Ruhusa hiyo ilikoma Juni 1, 2021.

Usumbufu wa kivinjari

Wengi hufungua wingu kwa kivinjari. Unaandika anwani, unaingiza neno la siri, unatafuta faili, unalipakua. Linatua katika kabrasha la vipakuliwa. Unalirekebisha, unalirudisha. Kesho unafanya vivyo hivyo. Baada ya wiki mbili kompyuta ina barua ya kwanza, barua ya kwanza yenye moja kwenye mabano, yenye mbili, yenye tatu, na hakuna anayejua ni ipi iliyotumwa kwa mwalimu. Wanafunzi wanaoandika tasnifu wataniunga mkono hapa. Si wachache waliochapisha na kufunga jalada sura ambayo ilikuwa ni ya mwezi uliopita.

Programu ya kupanga mafaili haina vurugu hiyo. Ndani yake unaona majina, tarehe na ukubwa wa kila faili. Unaweza kuyapanga kwa tarehe, kuchagua arobaini kwa mpigo na kuyahamisha. Sasa basi, kama wingu lingeonekana humo kama kabrasha lingine tu, ungelitumia kwa mikono ile ile uliyoizoea. Hiyo ndiyo kazi ya plagini.

Mfano mzuri ni Total Commander, programu ya Mswisi Christian Ghisler. Ilitoka mwaka wa 1993 ikiitwa Windows Commander, na ikabadilishwa jina mwaka wa 2002 kwa sababu Microsoft ilidai neno Windows ni lake. Umbo lake, madirisha mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, lilirithiwa kutoka Norton Commander, iliyotungwa na John Socha na kutoka mwaka wa 1986. Wazee waliojifunza kompyuta enzi za skrini nyeusi na maandishi ya bluu wataikumbuka. Kwa vijana itaonekana ya kizamani, na kweli sura yake haivutii. Lakini madirisha mawili ni jambo la busara: upande wa kushoto una diski yako, upande wa kulia una wingu, nawe unaona yaliyoko na yanakokwenda kwa mara moja.

Plagini ya wingu ya programu hiyo hutolewa bila malipo na mtunzi mwenyewe. Unaipakua ikiwa faili lililobanwa, unaligonga mara mbili ukiwa ndani ya Total Commander, nayo programu inaitambua na kuuliza kama uiweke. Ukikubali, wingu hutokea mahali pa mitandao katika orodha ya diski. Unaunda muunganisho, unaupa jina, tuseme "Karatasi za nyumbani", na kuchagua huduma unayotumia, iwe Google Drive, OneDrive au Dropbox.

Hapo linatokea jambo linalowatisha wengi: kivinjari kinafunguka chenyewe na kukuuliza kama unairuhusu programu hii kuona mafaili yako. Usiogope, ila soma. Utaratibu huu umewekwa makusudi ili plagini isipate kulijua neno lako la siri. Wewe unaliingiza kwenye ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe, kisha hao wanaipa plagini kitu mfano wa kipande cha tikiti. Kwa tikiti hiyo plagini inaingia, na siku ukitaka unaweza kuifuta ukiwa katika akaunti yako bila kubadilisha neno la siri. Lakini plagini inayokutaka uliandike neno lako la siri la Google ndani yake yenyewe, ifunge na uifute.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Kitufe cha F5 kinanakili, F6 kinahamisha, F7 kinaunda kabrasha, F8 kinafuta. Faili la kuandikwa lilete kwanza kwenye diski kwa F5, liandike, lihifadhi, kisha lirudishe kwa F5. Programu itakuuliza kama liandikwe juu ya lile la zamani. Angalia tarehe kabla ya kujibu.

Mlango si nakala

Sasa tufike palipo na hatari yenyewe, na hapa naomba msomaji asome polepole.

Kuna namna mbili za kuliweka wingu ndani ya programu ya mafaili, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni ile niliyoieleza: plagini ni mlango. Mafaili hayako kwako, yako kule. Ukikata intaneti, kabrasha halifunguki. Kila unachofungua kinakuja kwa data, kwa hiyo ukigonga video ya megabaiti 600 ili tu uone ni ya nani, umelipia megabaiti 600. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde utangoja dakika 16, na ukiitazama mara ya pili huenda ikaja upya.

Ya pili ni kusawazisha. Hivi ndivyo vinavyofanya kazi vijiprogramu vya OneDrive, Dropbox na Google Drive vinavyojibandika katika programu ya mafaili ya Windows. Unapewa kabrasha la kawaida, na kijiprogramu kinahakikisha kwamba kabrasha hilo na lile la mawinguni yanafanana wakati wote. Ukiongeza hapa, kule kunaongezeka. Ukirekebisha hapa, kule kunarekebika. Na ukifuta hapa?

Kule kunafutika. Wala si kule tu: kwenye simu ya mama na kompyuta ya ofisini kwa baba pia, mradi zote zatumia akaunti ile moja. Kijana anaona diski imejaa, anasema, "Hizi picha ziko kwa wingu tayari," anazifuta ili apate nafasi ya mchezo. Jioni mama anafungua simu na kabrasha la picha ni tupu. Kijana hakuwa mjinga. Aliambiwa wingu ni mahali pa kuweka akiba, na hakuna aliyemwambia kwamba kabrasha alilokuwa akilifuta ndilo wingu lenyewe.

Tiba ipo, ila ina saa yake. Google Drive huweka vilivyofutwa katika pipa kwa siku 30, kisha vinaondoka kabisa; utaratibu huo ulianza Oktoba 2020, kwani awali vilikaa pipani hadi mwenyewe avimwage. OneDrive ya mtu binafsi nayo ni siku 30, na Dropbox ya bure vilevile. Kwa hiyo nyumba inayogundua hasara kabla ya mwezi kuisha inaweza kuokoka. Inayogundua Desemba, watu wakikusanyika na kuomba kuonyeshwa picha za Aprili, haina la kufanya.

Kama unachotaka ni nafasi ya diski, usifute. Tangu Oktoba 2017 Windows 10, na baadaye Windows 11, zimekuwa na namna ya kuliacha jina la faili kwenye kompyuta huku mwili wake ukibaki mawinguni. Unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Free up space. Alama ndogo kando ya jina itageuka kuwa wingu la bluu. Alama ya tiki ya kijani ina maana mwili uko kwako. Mtu anayekwenda mashambani ambako mtandao ni wa kubahatisha aangalie alama hizo kabla hajapanda matatu, maana wingu la bluu bila mtandao ni jina tupu.

Faili lisilo na kitu

Wanafunzi wana mtego wao wa peke yao. Tasnifu iliyoandikwa kwa Google Docs huonekana katika kabrasha la Google Drive kama faili la kawaida, na mwisho wa jina lake kuna herufi gdoc. Mwanafunzi analinakili kwenye flashi, anakwenda saiba kuchapisha. Mhudumu anachomeka flashi, anafungua, anatazama, anasema, "Hapa hakuna kitu." Na ni kweli. Faili hilo ni kibao tu cha kuonyesha njia, halina hata aya moja ndani yake. Maandishi yote yako kwenye kompyuta za Google na yanafunguka kwa kivinjari peke yake. Ukubwa wa faili ungemwambia mapema: sura tano za tasnifu haziwezi kuwa chini ya kilobaiti moja.

Dawa yake ni kufungua maandishi hayo kwa kivinjari ungali nyumbani na kuyapakua katika umbo la Word au PDF. Hiyo ndiyo ya kutia kwenye flashi. Na hiyo ndiyo ya kuweka akiba pia, maana anayedhani ana nakala ya tasnifu kwa sababu amenakili kabrasha zima la Drive kwenye diski ya nje, huenda amenakili vibao.

Kuna tatizo la tatu, nalo halikuwa kosa la watumiaji hata kidogo. Novemba 2023 baadhi ya watu wanaotumia kijiprogramu cha Google Drive cha kompyuta waliamka na kukuta mafaili yao hayapo, mengine ya miezi kadhaa. Google ilikiri kwamba kulikuwa na hitilafu katika toleo la 84 iliyowakumba watumiaji wachache, ikawasihi wasitenganishe akaunti wala kufuta kabrasha la ndani la kijiprogramu hicho, kisha mwezi uliofuata ikatoa toleo lenye kifaa cha kurejesha. Tatizo lilihusu mafaili ambayo kompyuta ilikuwa bado haijamaliza kuyapeleka mawinguni. Mwenyewe aliyaona kabrashani, akaamini yamefika.

Basi kuonekana katika kabrasha si kufika. Baada ya kuweka kitu cha maana, kitafute kwa njia nyingine, kwa mfano kwa simu, au kwa kivinjari cha kompyuta nyingine. Kikionekana huko, kimefika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la wingu ni macho yako mwenyewe.

Saiba na kompyuta za watu

Plagini ni ya kompyuta yako. Katika saiba, maktaba au kompyuta ya rafiki, usiunganishe akaunti kwa plagini wala kwa kijiprogramu cha kusawazisha, kwa sababu ile tikiti niliyoitaja hubaki pale hata baada ya wewe kuondoka. Anayekaa kiti hicho baada yako anafungua kabrasha na kukuta vyeti vyako, kitambulisho na picha za nyumbani. Huko tumia kivinjari katika dirisha la faragha, chukua unachotaka, toka. Kama ulishaunganisha mahali na umesahau, ingia katika ukurasa wa usalama wa akaunti yako. Kuna orodha ya programu na vifaa vilivyoruhusiwa. Futa kila usichokitambua. Nimeona orodha za watu zilizo na simu walizouza miaka mitatu iliyopita.

Wanaotumia Linux hawakuachwa nyuma. Programu ya mafaili ya GNOME ilipata uwezo wa kuonyesha Google Drive katika toleo la 3.18 la Septemba 2015, na Dolphin ya KDE ina plagini yake iitwayo KIO GDrive. Zote mbili ni za aina ya mlango. Zinategemea ruhusa ya Google na hukatika mara kwa mara masharti yanapobadilishwa, kwa hiyo mwanafunzi asizifanye njia yake ya pekee wiki ya kuwasilisha kazi.

Na ile flashi, je? Usiache mbachao kwa msala upitao. Ubuntu One, wingu la kampuni ya Canonical lililokuwa limeshonwa ndani ya Ubuntu kabisa, lilifungwa mwaka wa 2014. Amazon Drive ilifungwa Desemba 31, 2023. Wateja walipewa muda wa kutoa vitu vyao, lakini muda huo humfaa anayesoma barua zake. Diski ya nje iliyowekwa kabatini, ikitiwa nakala mpya mara moja kwa mwezi na kisha kuchomolewa, haisawazishwi na mtu, na mtoto akifuta kitu kwenye kompyuta, yenyewe haina habari.

Ufunguo ni wa nani?

Limebaki jambo ambalo familia hulikwepa, nalo linarudi kwa baba na sanduku lake la bati. Baba alipofariki, ufunguo ulipatikana mfukoni mwa koti, na ulipokosekana, kufuli ilivunjwa. Akaunti ya wingu haivunjwi kwa nyundo. Mwenyewe akiondoka bila kumwambia mtu, hati zake zinabaki kule, na zina mwisho: tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na barua, picha na mafaili yote yaliyomo.

Google yenyewe imeweka, tangu mwaka wa 2013, mahali pa kupanga jambo hilo ndani ya akaunti. Mwenye akaunti anachagua muda; akikaa muda huo wote bila kuonekana, watu aliowataja, hadi 10, wanaarifiwa na kupewa mafaili aliyoagiza wapewe. Hupewi neno lake la siri, unapewa vitu vyake. Kuijaza fomu hiyo ni kazi ya dakika chache, na hufaa ifanywe na mzazi na mtoto mmoja aliye mkubwa wakiwa wamekaa pamoja, kwa sababu nambari ya simu ya huyo atakayepewa huhitajika, na ni afadhali awe anajua kwa nini ameombwa.